Laki tatu za seremala wa Jumamosi

Ingia duka la vifaa Kariakoo, umwambie muuzaji una laki tatu na unataka kuanza useremala wa nyumbani. Kitu cha kwanza atakachokuteremshia ni sanduku la plastiki lenye vipande mia na ushee: drili ndogo, vichwa vya bisibisi vya kila umbo, koleo, nyundo nyepesi, kisu, tepu na kimsumeno cha kukatia bomba. "Bosi, hapa umemaliza kila kitu." Bei inaanzia Sh 120,000 na inaweza kufika 200,000. Ukigawanya kwa idadi ya vipande, hakuna kinachozidi elfu mbili, na hapo ndipo wengi wanapofungua pochi.

Sanduku lenyewe si baya. Limepangwa kwa ajili ya mtu wa kukaza bawaba, kufunga fimbo ya pazia na kutundika picha ukutani. Kwa anayetaka kutoa kigoda kwenye ubao, anavyovihitaji zaidi havimo: hakuna patasi, hakuna skwea ya kuaminika, hakuna randa, hakuna cha kunolea. Amelipa karibu nusu ya mtaji au zaidi, na manunuzi yake hayajaanza.

Namwandikia mtu huyo. Ana kazi yake nyingine, iwe benki, shuleni au dukani. Hatafuti kuishi kwa randa, anataka Jumamosi yake iwe na harufu ya mbao. Bei nitakazozitaja ni za kukadiria, kwa shilingi ya Tanzania, na mwenye ulimi wa Kariakoo atazishusha. La kushika ni uwiano kati ya bei moja na nyingine, maana huo haubadiliki haraka.

Nguvu inakodishwa

Video nyingi wanazotazama wanaoanza zimepigwa kwenye gereji za Marekani. Mwenye video amezungukwa na msumeno wa meza, mashine ya kulainisha mbao, mashine ya kuvuta vumbi na ukuta mzima wa klempu. Mtazamaji aliyeko Tabata anahesabu thamani ya mashine hizo na kukata tamaa. Au anafanya baya zaidi: anaanza kudunduliza fedha za msumeno wa meza kabla hajamiliki patasi moja.

Kwetu mambo yako tofauti, tena kwa faida yetu. Keko, Buguruni na karibu kila eneo la Dar es Salaam linalouza mbao kuna karakana zenye mashine za kupasua na kupiga randa, na zinapokea kazi ya yeyote anayeingia na ubao begani. Kupitisha ubao wa futi 12 pande zote ni kama Sh 2,000. Unasimama kwenye foleni, unalipa, unaondoka na mbao zilizonyooka zenye unene mmoja. Anayekaa Nairobi atapata huduma ya namna hiyo Gikomba.

Ndiyo maana nasema mtaji wa kwanza uende kwenye vitu viwili ambavyo hakuna karakana itakayokukodisha: kipimo na makali. Mashine ya Keko itakunyooshea ubao, lakini haitakuja nyumbani kukuchorea pembe mraba wala kukuchimbia tundu la mguu wa stuli saa moja usiku.

Kipimo ndicho rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachopuuzwa. Skwea ya Sh 12,000 inaweza kuwa ya kweli kuliko ya 40,000, na ukweli wake unapimika palepale dukani. Omba kipande cha ubao chenye ukingo ulionyooka. Bana skwea kwenye ukingo, chora mstari kwa penseli iliyochongoka vizuri. Igeuze itazame upande wa pili, isogeze hadi kwenye mstari uleule, chora tena. Mistari ikilaliana, lipa. Ikiachana, upana unaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe, na hata nusu yake inatosha kukuachia kigoda kinachocheza kila mgeni anapokalia. Muuzaji anayekataa jaribio la nusu dakika amekwisha kukujibu.

Tepu ya mita 5 ni kama Sh 7,000. Ile ndoano ya mbele inachezacheza, na wanunuzi wengi huirudisha wakidhani ni mbovu. Imetengenezwa hivyo makusudi. Inasogea kwa kiasi cha unene wake yenyewe, ili kipimo kiwe sahihi uking'ang'aniza tepu kwenye ukingo wa nje na pia ukiisukuma ndani ya kona. Usiigonge kwa nyundo iache kucheza. Ukifanya hivyo utakuwa umeiharibu kweli.

Makali

Misumeno ya mkono iliyopo madukani ni ya namna mbili. Mmoja una meno yenye ncha za rangi ya buluu iliyokolea. Yamepitishwa kwenye moto yakawa magumu, yanakata kwa muda mrefu, lakini tupa haiyawezi, kwa hiyo meno yakiisha na msumeno umeisha. Mwingine una meno ya rangi moja na bamba lake. Hayo yanachoka mapema, ila yananoleka kwa tupa ya pembetatu. Yote miwili inapatikana kati ya Sh 12,000 na 25,000, na wenye jina kubwa hufika 45,000.

Kwa anayeanza nachagua meno magumu bila kusita. Kunoa msumeno ni ufundi unaojitegemea, wa kutega kila jino kwa zamu, na seremala wa Jumamosi anayekata paini hatayamaliza meno hayo haraka. La kuangalia ni idadi yake. Meno 7 au 8 kwa inchi hupasua haraka na kuacha ukingo wenye manyoya; meno 11 au 12 huenda polepole na kuacha ukingo safi. Mikato mirefu umeshaiachia karakana, basi chukua meno mengi.

Patasi zinauzwa kwa seti, na seti ya sita kwa Sh 35,000 inavutia. Mbili za elfu kumi kumi, ya nusu inchi na ya inchi moja, zitafanya karibu kazi zote za mwaka wa kwanza, na kuzinoa mbili ni tofauti kabisa na kuzinoa sita. Dukani angalia mgongo. Uweke kwenye ukingo wa skwea uliyokwisha kuipima, elekeza kwenye mwanga. Mgongo wenye kishimo kidogo katikati unavumilika, lakini wenye tumbo utakula jioni nzima ya kusugua kabla patasi haijakata chochote. Maandishi "CR-V" kwenye chuma yanataja aina ya chuma tu. Namna kilivyochomwa na kupozwa, ambayo ndiyo inayoamua kama makali yatakaa, haikuandikwa popote.

Wengi hudhani mbao laini inasamehe patasi butu. Ni kinyume. Nyuzi za mninga zinasimama imara zikatwe. Nyuzi za paini zinalala, zinapondeka, na tundu linatoka limechanika midomo. Aliyenunua mbao ya bei rahisi ndiye anayehitaji makali zaidi.

Hapo tunafika kwenye kunoa, sehemu ambayo ningependa msomaji aitumie fedha bila kinyongo. Jiwe la pande mbili linapatikana kwa Sh 8,000 hadi 15,000. Linakata polepole, na baada ya muda linachimbika katikati, likawa lenyewe linahitaji kusawazishwa. Bamba la chembe za almasi ni Sh 25,000 hadi 60,000. Linakata haraka na halichimbiki. Katikati kuna njia ya mafukara inayofanya kazi vizuri: omba kipande cha kioo kinene kwa fundi wa madirisha kwa elfu tatu, nunua msasa wa maji wa namba 400, 1000 na 2000, karatasi mbili mbili kwa kama Sh 1,500 kila moja, ulowanishe, uubandike kwenye kioo kwa maji yenyewe. Jumla ni Sh 12,000. Kioo hakina mabonde, kwa hiyo utanyoosha mgongo wa patasi na makali yake kwenye sehemu moja. Shika patasi kwenye pembe ya digrii 25 hadi 30, na usiache kusugua mpaka uhisi ukucha mwembamba wa chuma umegeukia upande wa pili.

Kasoro ya msasa ni kwamba unaisha. Anayenoa kila wiki atakuwa amelipa bei ya bamba la almasi kabla ya mwaka kwisha. Anza na kioo hata hivyo, kwa sababu ukiona baada ya miezi mitatu hujawahi kulowanisha msasa wa pili, umejua jambo kuhusu wewe na useremala kwa gharama ndogo.

Randa ndiyo inayogawanya mafundi. Kuna njia nne na bei zake zinapishana sana. Randa mpya ya chuma iliyotoka China ni Sh 45,000 hadi 70,000. Stanley mpya inapita laki mbili. Kuna randa ya mbao ambayo fundi wa mtaani anaichonga mwenyewe na kuitia kisu cha kununua, kama Sh 20,000 hadi 30,000. Na kuna Stanley au Record ya mtumba iliyoteremka na kontena, Sh 60,000 hadi 100,000 kutegemea kutu na maneno.

Mimi niko upande wa mtumba. Stanley ilinunua hataza za Leonard Bailey mwaka 1869, na umbo alilolibuni ndilo karibu kila randa ya chuma inaloiga mpaka leo. Kwa hiyo randa iliyotoka kiwandani kabla hujazaliwa kwa kawaida bado inapokea kisu kinachouzwa sasa. Tafuta iliyopigwa namba 4, yenye kisu cha inchi 2. Igeuze uangalie tumbo lake karibu na mdomo, mahali kisu kinapotokea: ufa hapo ni sababu ya kuirudisha, haijalishi bei. Kutu ya juujuu inatoka kwa msasa. Kutu iliyochimba vishimo kwenye kisu karibu na makali haitoki, maana kila ukinoa utafukua kishimo kingine. Mpini uliovunjika usikutishe. Wewe ni seremala, utachonga mwingine, na muuzaji akishusha elfu kumi kwa ajili yake, shukuru.

Randa ya chuma mpya ya bei ya chini inafaa pia, mradi uichukulie kama randa iliyofika nusu. Tumbo lake litahitaji kusuguliwa kwenye ule msasa wa kioo, kisu kinolewe, na bati linalokaa juu ya kisu libanwe mpaka hakuna mwanga unaopita kati yake na kisu. Anayeitoa kwenye boksi na kuisukuma kwenye ubao siku hiyohiyo ndiye unayemsikia akisema randa za mkono zimepitwa na wakati.

Vingine nitavipita haraka. Nyundo yoyote yenye kichwa kisicholegea, Sh 12,000. Bisibisi, penseli, msasa wa kawaida na gundi nyeupe ya mbao, jumla Sh 25,000. Miwani na barakoa, Sh 8,000, na usivicheleweshe: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa tangu mwaka 1995. Klempu mbili, Sh 24,000, za kushikilia kazi mezani. Vitabu vitakuambia ununue nane. Huna haja: kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe ukanda mrefu, uuvute na kuuzungusha kwenye maungio yaliyopakwa gundi, uyaache usiku kucha. Mpira unabana pande zote kwa pamoja, tena unashika maumbo ambayo klempu huteleza juu yake. Mafundi wetu wanafanya hivyo siku zote, na ukanda ni karibu bure.

Ukijumlisha na randa ya Sh 60,000, umefika kama laki mbili. Laki moja iliyobaki ni ya mbao, karakana, bajaji na marudio, na nasisitiza marudio. Anayemaliza laki tatu yote kwenye vifaa ana kabati zuri la kutazama.

Ubao gani

Paini iliyopandwa ndiyo shule. Sehemu kubwa inatoka nyanda za juu kusini, Mafinga na jirani zake, ambako kuna shamba la miti la serikali la Sao Hill, wilayani Mufindi. Ubao wa moja kwa nane, futi 12, ni kama Sh 12,500. Wa mninga wa kipimo hichohicho unaweza kufika mara nne au zaidi ya hapo, na mtiki uko katikati, ukiwa na tabia ya kumaliza makali kwa sababu ndani yake kuna chembe za silika.

Kuna jaribu la kuanza na mninga kwa kuwa ni mzuri, hausinyai sana ukikauka, na mama mkwe anaufahamu. Ungoje. Miti yake ya porini imekatwa sana. Mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama mwaka 2022 uliiingiza mininga ya Afrika na jamii ya mkongo kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa. Mpingo na jamaa zake walitangulia kwenye mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016. Ubao wa namna hiyo usiharibiwe kwa kujifunzia tundu la kwanza. Siku ukiununua, dai risiti.

Kwa paini, hatari ni mbili. Ya kwanza ni dawa. Mbao za kuezekea hutiwa dawa zisiliwe na mchwa, na zile zenye rangi ya kijanikijani mara nyingi zimetiwa mchanganyiko wenye shaba, kromu na aseniki. Kwenye paa hazina neno. Kwenye kigoda cha mtoto, kwenye kibao cha kukatia mboga, au kwenye pafu lako wakati wa kupiga msasa, zina neno kubwa. Na mabaki yake yasiingie jikoni kuwashia moto. Mwambie muuzaji unataka zisizo na dawa, kisha uangalie mwenyewe ncha iliyokatwa.

Ya pili ni ubichi. Mbao nyingi za paini zinafika sokoni hazijakauka vya kutosha. Ubao mbichi ni mzito kuliko mwenzake wa kipimo kilekile na una ubaridi ukiugusa kwa shavu. Ukiutengenezea stuli leo, baada ya mwezi ulimi utakuwa umesinyaa ndani ya tundu lake. Dawa yake haina gharama ila subira: zipange ndani ya nyumba zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, hewa ipite, wiki kadhaa, ndipo uzipeleke kwenye mashine. Mtu akikuambia upeleke kwenye mashine kwanza ndipo ukaushe, atakuwa anapenda zirudi kwake zikiwa zimepinda.

Mbao za paleti ni rahisi zaidi, hata Sh 5,000 kwa paleti nzima ukimjua mlinzi wa ghala. Tafuta muhuri uliochomwa pembeni: HT maana yake ilipitishwa kwenye joto, ichukue, MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, iache. Fahamu tu kwamba mwenye mashine akiona tundu la msumari atakataa kuupitisha ubao wako, na ana haki, kwa kuwa msumari mmoja uliobaki ndani unavunja visu vya bei kubwa kuliko paleti kumi.

Umeme unapokuja

Kifaa cha kwanza cha umeme ni drili, na swali ni la waya au la betri. Ya waya, wati 550 hadi 700, kutoka kampuni kama Ingco au Total, ni Sh 60,000 hadi 100,000. Ya betri kutoka kampuni hizohizo, ikiwa na betri mbili na chaja, ni Sh 150,000 hadi 250,000, na ya Bosch au Makita ni mara mbili ya hapo. Anayefanyia kazi nyumbani, karibu na soketi, achukue ya waya. Haizeeki kwa kukaa, lakini betri inazeeka hata ukiwa umeiweka kabatini, na betri ya pekee ikifa baada ya miaka michache utakuta bei yake inakaribia nusu ya drili. Gharama ya umeme wenyewe isikusumbue. Hata msumeno wa duara wa wati 1,400 ukinguruma saa nzima bila kupumzika, jambo ambalo halitokei, utakula uniti 1.4, kama Sh 500 za LUKU.

Ukichagua ya betri, usidanganywe na volti. Betri ya "20V" na ya "18V" kwa kawaida ni kitu kimoja: seli tano zilizoungwa, moja imepimwa ikiwa imejaa kabisa, nyingine imepimwa katika hali ya kazi. Zile zilizoandikwa 48VF, 88VF na kuendelea hazitaji volti za betri hata kidogo. Herufi F iliyochomekwa pale ni ya kumlinda aliyechapa, wala haikusaidii wewe.

Kwenye mtumba wa umeme, soma kibandiko kabla ya kuulizia bei. Sisi tunatumia volti 230. Mashine nyingi za njano zilizotoka kwenye ujenzi Uingereza ni za volti 110, za Marekani ni 120, za Japani ni 100. Ukiichomeka kwenye ukuta wa nyumbani itaungua mara moja. Transfoma ya kuimudu itaondoa unafuu wote uliouona. Muuzaji akisema "iwashe tu kaka, inafanya kazi", muombe aiwashe yeye.

Kuna chombo kimoja ambacho sitakipa nafasi: diski ya meno ya kukatia mbao inayofungwa kwenye grinda. Utaiona karibu kila karakana, na bei yake ya elfu kumi inashawishi kwa kuwa grinda wengi wanayo tayari. Grinda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa duara wa kawaida huzunguka kama 5,000, una bamba la kulalia juu ya ubao na kinga inayojifunga. Meno ya diski yakinasa kwenye fundo, grinda inaruka kuelekea kwa aliyeishika. Ukitaka kukata kwa umeme, dunduliza Sh 150,000 hadi 200,000 za msumeno wa duara, au urudi karakana na elfu mbili yako.

Baada ya kigoda

Kigoda au shelfu ndogo itakufundisha kukata kwa mstari na kuunga kwa gundi. Kazi ya pili ningependekeza mbuzi ya kukunia nazi, ile inayokunjika. Mbao zake mbili zinapitana ndani ya nafasi iliyochongwa, na nafasi hiyo ikiwa pana inayumba, ikiwa finyu haikunjiki. Hakuna somo la patasi lenye mkaguzi mkali kama atakayeikalia. Gharama yake ni ubao mmoja na ule ulimi wa chuma wenye meno unaouzwa sokoni.

Ya tatu, kwa mwenye moyo, ni bao. Mashimo 32, mawili kati yake ya mraba, na yote yawe na kina kimoja. Hapa orodha inaongezeka patasi ya mviringo, Sh 15,000 hadi 30,000, na hapa ndipo utakapogundua kama mkono wako unaelekea uchongaji au uungaji. Wanaoelekea uchongaji hawatahitaji mashine nyingine kwa muda mrefu. Wanaoelekea uungaji wataanza kuota makabati.

Kuhusu kufundishwa, video zinatosha kwa kunoa tu, kwa sababu makali unayapima mwenyewe. Vyuo vya VETA hufundisha useremala, na baadhi vina kozi fupi. Hizo zina thamani kwa mtu anayetaka kusoma mchoro na kuelewa maungio kwa mpangilio, lakini ratiba yao inaweza kumshinda aliyeajiriwa. Mimi ningependelea fundi wa mtaani. Mwendee siku isiyo na kazi nyingi: "Fundi, shikamoo. Naomba nikae kwako Jumamosi chache, nitakulipa elfu ishirini kila nikija." Wengi watakubali, na fedha hiyo ikitajwa mapema hutageuzwa kijana wa kufagia maranda. Chagua fundi ambaye patasi zake zinang'aa, hata kama makochi yake si ya kisasa.

Mwaka ukipita, rafiki atakutumia picha ya mashine ndogo ya kusawazisha unene wa mbao inayouzwa kama milioni moja na nusu, akikuambia uachane na foleni za Keko. Piga hesabu kabla hujamjibu. Kwa Sh 2,000 kila ubao, milioni moja na nusu inalipia mbao 750. Seremala wa Jumamosi anayetumia mbao nne kwa mwezi atazifikisha baada ya miaka 15 na ushee, na hapo bado hatujanunua visu vya akiba wala kupata pa kuiweka.